Kopo la Pili Kutoka Kushoto

Kazini walimwita Mama Lebo, na hakuna aliyekumbuka tena nani alianza. Alibandika kila kitu. Swichi za taa, funguo, chaja, mswaki. Viatu vya mumewe aliviandika ndani "kulia" na "kushoto", na mume, dereva wa malori ya masafa marefu, akasafiri navyo hivyo hivyo. Madereva wenzake wakamcheka njia nzima.

Ofisini utani haukuisha. Walimwuliza kama mume mwenyewe naye ameshambandika lebo. Akawajibu yule hana haja, akikohoa tu mtaa mzima unamjua.

Lakini lebo zake za kazi hazikuwa mchezo.

Kampuni ilikodisha kompyuta. Si za kubeba mkononi. Ni ukumbi mmoja, baridi kama ndani ya friji, makabati ya chuma yamepangwa safu, na humo kompyuta kubwa zinavuma usiku na mchana. Kompyuta kubwa moja wanaigawa ndani kwa ndani, zinatoka ishirini, thelathini. Hizo huwezi kuzishika. Wanaziita mashine pepe. Kila moja inajiona kompyuta kamili. Ina diski zake, ina kadi zake za mtandao, na mteja wake yuko huko mjini, hajui hata mlango wa ukumbi uko wapi. Yeye anasema vitu vyake viko kwenye wingu. Mama Lebo akilisikia neno hilo alikuwa anatazama juu, anaona bomba la kiyoyozi linavyodondosha maji, anacheka.

Aliingia pale miaka kumi na nne nyuma, mpokea wageni. Alikaa mlangoni akiandika majina ya mafundi kwenye daftari. Siku moja akamwuliza fundi mkuu kuna nini humo ndani kinachowatoa watu jasho kwenye baridi. Akaingizwa, akaonyeshwa. Hakutoka tena.

Mwaka wa tatu akaona kitu ambacho hakukisahau. Kulikuwa na mteja wa vifaranga. Mashine yake pepe ndiyo iliyoendesha joto la mayai, na ilikuwa na kadi mbili za mtandao, moja ya nje kwa wateja, moja ya ndani kwa mitambo. Umeme wa kabati lake ukakatika, ukarudi. Mashine ikaamka ikahesabu kadi zake upya, ya kwanza ikawa ya pili. Ikawa inaongea na mitambo kupitia mlango wa wateja, na wateja kupitia mlango wa mitambo. Hakuna kilichoharibika, hakuna taa nyekundu. Walitafuta siku mbili. Mayai elfu sita yalipoa.

Mashine haikuwa na kosa. Ikizimwa na kuwashwa, inahesabu vifaa vyake: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Leo inahesabu hivi. Ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine kubwa, inaweza kuhesabu vingine. Hakuna aliyewahi kuiahidi mpangilio.

Tangu siku hiyo Mama Lebo alishikilia lebo kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. Lebo zenyewe si za gundi. Zinaandikwa kwenye daftari la wingu, siku mashine inapozaliwa au siku kifaa kinapopachikwa. Diski hii ni ya picha. Kadi hii ni ya nje. Siku nyingine yoyote daftari halikubali. Ukisahau, chomoa kifaa, kipachike upya, ndipo kinapokea jina. Na mashine ikiamka inaweza kuliuliza daftari, hivi vitu vyangu ni nini na nini. Inajibiwa.

Sasa kampuni ilikuwa inahama. Jengo lilikuwa linabomolewa, na ukumbi mpya ulikuwa upande wa pili wa mji, una kompyuta mpya za aina nyingine kabisa. Mashine pepe mia mbili na kumi na moja zilikuwa zinakwenda kulala huku na kuamka kule. Makabati matatu ya diski yatabebwa na lori, Jumamosi moja, na saa saba mchana wenye jengo wanakata umeme.

Miezi miwili Mama Lebo alichomoa na kupachika. Mashine za zamani zisizo na lebo alizipitia moja moja, anampigia mteja, anapangiana naye muda, anachomoa, anapachika, anaandika. Ijumaa alasiri akamaliza ya mia mbili na kumi na moja. Alisimama katikati ya ukumbi akapiga makofi peke yake. Mwenzake wa karibu, mwanamume mnene waliyemwita Kipara, akatoa kichwa nyuma ya kabati akamwuliza kama ameolewa upya.

Alirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Nyumbani waliishi wawili, yeye na baba mkwe. Mume alikuwa barabarani wiki tatu kati ya nne. Mama mkwe alifariki miezi saba nyuma. Mzee hakuwa msemaji kabla ya hapo, na baada ya hapo maneno yake yakapungua tena. Ila chai ya asubuhi aliichukua yeye. Zamani ilikuwa kazi ya marehemu. Sasa alfajiri mzee anawasha jiko, anachemsha, anamimina vikombe viwili, anakaa.

Rafu ya jikoni ilikuwa na makopo matatu yanayofanana, ya maziwa ya unga, yaliyobanduliwa karatasi yakabaki bati tupu. Majani, sukari, chumvi. Ndivyo marehemu alivyoyapanga, kutoka kushoto, miaka yote.

Ijumaa ile Mama Lebo hakuweza kukaa. Furaha ilikuwa inamwasha mikono. Akashusha makopo, akafuta rafu, akasugua mpaka kona. Kisha akatoa mashine yake ndogo ya kuchapa lebo, akachapa kwa herufi kubwa: MAJANI. SUKARI. CHUMVI. Akabandika vizuri, akalainisha kwa kidole gumba. Akayarudisha juu jinsi yalivyokuja mkononi. Yana majina sasa, mpangilio wa nini tena? Akalala akitabasamu.

Asubuhi aliamka kabla ya kengele. Mzee alikuwa ameshamimina chai, ameshakunywa nusu ya kikombe chake. Mama Lebo akapiga funda moja, akakimbilia sinki.

"Baba, hii ina chumvi."

"Nimeonja."

"Na umekunywa?"

"Nilidhani ni ulimi wangu."

Mzee akaeleza taratibu kwamba hakukosea. Amechota la pili kutoka kushoto, kama siku zote, vijiko vitatu.

"Lakini nimebandika lebo, baba."

Mzee akageuka, akaitazama rafu. Aliitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa nguo mpya ya mwenzake.

"Nimeziona. Nzuri. Zinasema nini?"

Mzee hakuwahi kukaa kwenye dawati la shule. Mama Lebo alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyemsomea pakiti za dawa, ndiye aliyemsomea ujumbe wa mwanawe kutoka barabarani. Alilijua, na usiku ule mikono yake ikasahau. Akaanza kuomba radhi, maneno yanagongana. Mzee akapunga mkono.

"Nenda kazini, mkwe. Leo siku yako."

Akatoka na ladha ya chumvi mdomoni.

Ukumbini kulikuwa na patashika. Wapagazi wanne wenye mikanda ya kunyanyulia, lori limerudishwa kinyumenyume mpaka mlangoni, nyaya zimelala chini kama nywele zilizofumuliwa. Mkuu wa kazi alikuwa amesimama juu ya kreti na karatasi mkononi. Huyu walimwita Dakika, kwa sababu hakuwahi kusema "subiri kidogo". Alisema subiri dakika nne, na zikiisha anakuja. Asubuhi hiyo alikuwa na saa mbili, moja ya mkono wa kushoto, moja ya kulia.

Kabati la kwanza lilizimwa saa mbili na nusu. Likafungwa mablanketi, likasukumwa, likapanda lori. Saa nne kasoro simu ikatoka ukumbi mpya: mashine sabini zimeamka, sabini zinajijua. Ukumbi mzima ukashangilia, wapagazi nao, ingawa hawakujua wanashangilia nini. Dakika akamnyooshea Mama Lebo kidole gumba kutoka juu ya kreti. Kwa Dakika hiyo ilikuwa hotuba.

Kabati la pili likaondoka saa nne na nusu. Likabaki la tatu.

Kwenye hilo la tatu ndiko zilikokuwa diski za hospitali ya macho. Mashine yao ilikuwa na diski tatu. Ya kwanza mfumo wenyewe. Nyingine ya kazi za muda, zile picha ambazo mashine bado inazipunguza na kuzing'arisha. Hiyo ilisafishwa kila mashine inapoamka, ianze upya. Na nyingine ndiyo ya picha zenyewe, picha za ndani ya jicho, ambazo daktari anazilinganisha, ya mwaka jana na ya mwaka huu, aone kama mtu anaelekea upofu au anapona. Wiki tatu zilizopita hospitali ilikuwa na kambi. Watu elfu moja na mia mbili walitoka mbali, wakapigwa picha, wakarudi makwao kusubiri kuitwa. Wengine hawana simu.

Kabati la nakala za akiba lilitangulia kuhama siku moja kabla ya kambi hiyo, na toka siku hiyo halijapokea kitu. Kwa hiyo kambi nzima ilikuwa mahali pamoja, kwenye diski moja. Mama Lebo alijua hivyo na hakuwa na wasiwasi. Diski zile alizibandika mwenyewe kwa mkono wake: mfumo, muda, picha.

Kipara akafungua chupa yake ya chai, akammiminia. Mama Lebo akainua kikombe, kikaishia hewani. Kipara akamwuliza kama anadhani ametiliwa sumu. Akacheka, akawasimulia wote kisa cha asubuhi. Makopo, lebo, chumvi. Alisimulia vizuri, akaigiza na funda lenyewe, na wapagazi wakajishika mbavu.

"Basi namwambia, baba, si nimebandika lebo? Ananiambia, nimeziona, nzuri, zinasema nini?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Maneno yalikuwa yametoka kinywani mwake mwenyewe na yalikuwa yanamrudia.

Lebo ipo. Nani anaisoma?

Aliziandika kwenye daftari la wingu, zote, bila kukosa moja. Lakini mashine ikiamka, ni lazima iulize. Isipouliza, daftari halisemi. Na anayeiambia mashine iulize au isiulize ni maelekezo ya kuamka, yaliyo ndani ya mashine, na ndani ya mashine ni nyumba ya mteja. Hakuwahi kuingia. Mashine nyingine zote zikichanganya diski, zitakwama, utazirekebisha, zitaendelea. Ile ya macho peke yake ndiyo inaamka na ufagio mkononi. Maelekezo yake yaliandikwa miaka kumi na tatu nyuma, na mtu ambaye alishaondoka. Wakati huo lebo hazikuwepo. Yule mtu aliitambuaje diski ya kusafisha?

Kwa kuhesabu kutoka kushoto. Angefanyaje kingine?

Kikombe kikamponyoka.

Alimfikia Dakika kabla chai haijamaliza kutapakaa sakafuni. Akamwambia asizime kabati la tatu. Dakika akatazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia. Akauliza lebo si zimebandikwa.

"Zimebandikwa."

"Basi?"

"Sijui kama mashine inazisoma. Ikihesabu kwa mpangilio, kule itafagia picha."

Dakika hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alimwambia kilichokuwa kweli: umeme unakatwa saa saba, lori linataka dakika arobaini njiani, na kufungua kabati ni kazi ya nusu saa. Akapiga hesabu kwa midomo.

"Nakupa dakika kumi na tisa. Ya ishirini sina."

Hospitalini kompyuta ziliangaliwa na muuguzi mmoja, kijana wa watu mwenye sauti ya usingizi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutia watu dawa machoni. Ndiye mwenye ufunguo wa ndani. Mama Lebo akapiga. Haikupokewa. Akapiga tena. Kipara akasimama nyuma yake, amebeba kiti kwa sababu hakujua abebe nini. Mara ya tatu ikapokewa.

"Dada, nina mgonjwa hapa mwenye matone machoni, haoni kitu."

"Usipokuja kwenye kompyuta sasa hivi, na wewe jioni hutaona kitu. Mwambie akae na mtu. Njoo."

Kuna namna ya kusema "njoo" ambayo haiulizwi sababu. Muuguzi akaja. Walisikia viatu vyake vikikimbia kwenye korido, mlango, kiti. Mama Lebo akamwelekeza faili iliko. Akafungua, akaanza kusoma kutoka juu, mstari kwa mstari, pole pole kama anasoma barua ya posa. Dakika alinyoosha vidole kumi, kisha vinne.

Mstari wa tisa akafika.

"Hapa pameandikwa, safisha diski ya pili."

Mama Lebo alifumba macho. Ilikuwa vile vile. La pili kutoka kushoto.

Lakini damu yake haikupoa, ilichemka. Sasa aliiona kazi yote mbele yake, imenyooka, tena ndogo. Akavuta kiti kutoka mikononi mwa Kipara, akakaa. Akamwambia muuguzi wataifundisha mashine kusoma. Kwanza iulize daftari, ipewe orodha ya diski zake, kila diski na namba yake ya kiwandani na lebo yake. Pili itafute yenye lebo ya muda, hiyo peke yake, popote ilipo, iwe ya pili au ya tano. Tatu, na hapa akamrudishia mara mbili: isipoiona, isiguse kitu. Isimame, iite mtu.

Muuguzi alichapa kwa vidole viwili. Kila mstari akiumaliza anausoma, Mama Lebo anaukubali au anamrudisha nyuma. Dakika sasa alikuwa ameshuka kwenye kreti. Tisa, alionyesha. Kisha saba. Wapagazi walikuwa wamekaa kimya juu ya mablanketi, wakimtazama mwanamke anayeongea na simu kama watu wanaotazama mpira wa penati.

Kadi za mtandao nazo zilikuwa zimeandikwa kwa kuhesabu, ya kwanza nje, ya pili ndani. Wakazibadilisha hizo pia. Dakika nne.

"Sasa usisafishe chochote. Iambie iulize tu, tusikie inajibu nini."

Kimya. Kibodi. Kimya tena.

"Imejibu," muuguzi akasema, na usingizi wote ulikuwa umemtoka. "Mfumo. Muda. Picha. Halafu kadi, nje, ndani. Dada, inavijua vitu vyake."

Mama Lebo akainua mkono juu. Dakika akatazama saa zake zote mbili.

"Imebaki moja na nusu," akasema. "Zima."

Kabati la tatu likanyamaza. Ukumbi ambao haujawahi kuwa kimya miaka kumi na nne ukawa kimya, na Mama Lebo akasikia kwa mara ya kwanza viatu vyake mwenyewe humo ndani. Hakukaa kuusikiliza. Akashika mablanketi na wapagazi, akasukuma, akaombwa aache, akasukuma. Kwenye lori alikataa kiti cha mbele. Akapanda nyuma na kabati, amelishika kama mtu anavyomshika mgonjwa, na kila lilipotikisika alikuwa analiambia pole. Kipara naye akapanda, akawa anampa pole yeye.

Ukumbi mpya ulikuwa unanukia rangi. Kabati likaingizwa, likachomekwa. Taa za kijani zikaanza kuwaka kutoka chini kwenda juu. Mashine zikaamka moja moja, kwenye kioo yanapita majina yao. Ya sitini na nane, ya sitini na tisa. Ya macho ilikuwa ya sabini na moja, ya mwisho kabisa. Mama Lebo alimpigia muuguzi, akaiacha simu wazi mezani. Kisha akabonyeza.

Mashine ikaanza kuhesabu, na wao wakisoma.

Diski ya kwanza: mfumo.

Diski ya pili: picha.

Nywele zilimsimama. Ilikuwa imegeuka kweli. Kompyuta mpya ilizihesabu kivyake, na pale ulipozoea kukaa muda, sasa zimekaa picha. Macho ya watu elfu moja na mia mbili yamekaa kwenye kiti cha kufagiliwa. Kipara alimshika bega, akalibana mpaka likauma.

Diski ya tatu: muda.

Mstari mpya ukatokea. Mashine inauliza daftari. Mstari mwingine. Inatafuta muda. Ikatulia kidogo, kama mzee anayetafuta miwani.

Muda, diski ya tatu, imesafishwa.

Picha, haikuguswa.

Kadi nazo zilikuwa zimepishana, na zote mbili zilikuwa zimeshika milango yao sawasawa. Mama Lebo hakuwa amepumua. Akamwambia muuguzi kwenye simu afungue picha yoyote ya kambi.

"Ngoja," sauti ya muuguzi ikasema. Kisha: "Nimempata. Mama mmoja, jicho la kushoto. Namwona vizuri, dada, mpaka mishipa."

Mama Lebo aliruka. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mwenye kitambulisho shingoni, aliruka mbele ya mkuu wake, na aliporudi chini alikuwa amemkumbatia Kipara, na Kipara amekumbatia wapagazi wawili. Dakika alisimama pembeni mikono mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hatazami saa. Alipokuja, alimwambia Mama Lebo kwamba kuanzia Jumatatu kila mashine itakayozaliwa, kabla haijakabidhiwa kwa mteja, iulizwe mbele ya watu vitu vyake ni nini. Isipojibu, haitoki. Kazi ya kuuliza iwe yake.

Akasema sawa. Akaomba aende nyumbani mapema.

Mzee alikuwa jikoni. Alikuwa ameshusha makopo yote matatu mezani, ameyafungua, anayanusa. Mama Lebo akavuta kiti, akakaa karibu naye. Alikuwa amekuja amejaa maneno njia nzima, sasa yote yakawa mazito. Akasema moja.

"Baba, wewe unataka lebo gani?"

Mzee alifikiri. Akainuka, akaenda chumbani, akakawia. Akarudi na kitu ngumi imekifunika, akakiweka mezani. Kifungo. Cha kahawia, kikubwa, cha sweta la marehemu. Mama Lebo alikikumbuka. Mama mkwe alikitafuta wiki nzima kabla hajalazwa, akapekua hadi chini ya mikeka.

"Kilikuwa nyuma ya mguu wa kitanda," mzee alisema. "Nimekiona juzi."

"Nikiweke kwenye sukari?"

"Alipenda sukari."

Mama Lebo akaleta gundi. Mzee akakibandika mwenyewe, akakishikilia kwa kidole mpaka kikashika. Kisha akafumba macho, akayazungusha makopo juu ya meza, akayapapasa. La kwanza akaliacha. La pili akaliacha. La tatu akalivuta kwake, akachota vijiko vitatu bila kufumbua macho.

Walikunywa chai. Ilikuwa chai.

Ndipo akamsimulia siku nzima. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, lori, dakika kumi na tisa, diski iliyogeuka. Hakuuliza diski ni nini. Hakuuliza wingu liko wapi. Aliweka kikombe chini.

"Na yule mama wa jicho?"

"Yupo, baba. Ameonekana."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akavuta kopo lenye kifungo, akaongeza kijiko kimoja.

"Vizuri," akasema.